Mzee Milimita

Kuna watu wanapita mitaani wakisema kuchora kunatuliza moyo. Ukiwauliza wamechora nini, watakutajia ua, machweo ya jua au uso wa mtoto aliyelala. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuchora boksi. Boksi halitulizi mtu. Boksi lina pande sita, unaziona tatu, na katika hizo tatu hakuna hata mmoja unaokubali kuonekana ulivyo.

Mambo haya nimeyaanza uzeeni, baada ya kustaafu. Daktari alisema presha yangu inapanda kwa sababu nakaa sebuleni nabishana na redio, nitafute kitu cha kushughulisha mikono. Wenzangu niliostaafu nao walikimbilia kuku wa mayai. Mimi nikachagua uchoraji wa kiufundi, ule wa rula na nyuzi, kwa hoja kwamba penseli haili pumba wala haifi kwa kideri. Hoja ilikuwa nzuri. Presha ndiyo haijaielewa.

Tuanze na dukani. Niliomba penseli za aina tatu: 2H, HB na 2B. Kijana wa kaunta akanitazama kwa huruma. "Mzee, penseli ni penseli. Zote zinaandika." Nikamweleza kwa upole kwamba ndani ya penseli mna grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi, na kwamba Mfaransa mmoja, Nicolas-Jacques Conté, ndiye aliyeipata njia hiyo mwaka 1795. Udongo ukizidi, penseli inakuwa ngumu, hiyo ndiyo H, ya kuchorea mistari ya kujipimia ambayo baadaye utaifuta. Grafiti ikizidi inakuwa laini na nyeusi, hiyo ndiyo B, ya kukolezea. Nyuma yangu wazazi wenye orodha za mahitaji ya shule wakaanza kuguna. Kijana akanifungia HB tatu.

"Na karatasi ya A3?"

"Imeisha. Chukua A4 mbili, unganisha na selotepu."

Hapo nilikasirika zaidi, maana alikuwa sahihi. Wajerumani walipopanga saizi hizi mwaka 1922 walihakikisha kwamba upande mrefu ukiugawa kwa upande mfupi unapata kipeuo cha pili cha 2. Kwa sababu hiyo A3 ukiikunja katikati unapata A4 mbili za umbo lilelile, na ukipanda ngazi mpaka juu kabisa unaikuta A0 yenye eneo la mita moja ya mraba. Ni hesabu safi. Kijana haijui, wala haihitaji. Anauza selotepu.

Mwalimu wangu ni mstaafu mwenzangu wa mtaa wa pili. Alifundisha somo hili enzi zile ambapo ukitaja Ifunda au Moshi watu walijua unazungumzia shule za ufundi, na mwanafunzi alipita akiwa na rula ya T begani. Ni mtu mstaarabu sana. Ananiita "mzee mwenzangu" mpaka nishike penseli. Nikishika penseli ananiita "wewe".

"Wewe, zungusha penseli unapovuta mstari, ncha isiliwe upande mmoja. Wewe, hapo mstari ni mnene. Wewe, hapo ni mwembamba."

Maana mistari nayo ina vyeo. Ukingo unaoonekana unachorwa kwa mstari mzito usiokatika. Ukingo uliojificha nyuma unachorwa kwa vipande vifupivifupi. Mstari wa katikati unakwenda kipande kirefu, kipande kifupi, kirefu, kifupi. Mstari wa vipimo ni mwembamba na una mishale pande zote mbili. Nimefanya kazi na watu maisha yangu yote bila kujua kwamba hata kitu kisichoonekana kina haki ya kuchorwa, tena kwa utaratibu wake.

Halafu kuna hali ya hewa. Vitabu vya somo hili viliandikwa na watu wa nchi za baridi, waliovaa sweta. Hakuna anayekueleza ufanye nini Dar es Salaam mwezi wa pili. Ukiwasha feni, karatasi inapepea na vumbi la penseli linasambaa juu ya kazi. Ukizima feni, jasho linatoka kwenye kiwiko, linaloanisha karatasi, na mstari wa 2H unachimba mfereji. Mwalimu anasema niweke karatasi safi chini ya mkono. Nimeiweka. Sasa zinaloa mbili.

Somo lenyewe la msingi ni hili: kitu unakichora mara tatu. Unakichora kwa mbele, unakichora kwa juu, unakichora kwa ubavuni, na kila upande unausimamia wima kana kwamba zile pande nyingine hazipo. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza kwenye kupanga. Ukishachora mbele, ule mwonekano wa juu unauweka chini. Ndiyo, chini. Na wa kushoto unauweka kulia. Huu ndio mtindo tulioupata kwa Waingereza, na una sababu zake: unajifanya kitu kimesimama kati yako na ukuta, kisha unachora kile kinachoangukia ukutani upande wa pili. Wamarekani wao ukuta wao ni wa kioo na wameusimamisha mbele ya kitu, kwa hiyo wa juu unakaa juu na wa kulia unakaa kulia, na maisha yanaendelea.

Nilimwambia Mwalimu kwamba, kwa hili, Wamarekani wametuzidi akili. Akanywa chai yake mpaka chini, akaweka kikombe. "Basi," akasema, "kachorie Marekani."

Tatizo ni kwamba mjukuu wangu ananifungulia video kwenye simu, na walimu wa kwenye simu wengi wanachora Kimarekani. Asubuhi juu ni juu, jioni juu ni chini. Ukiniona nimesimama mbele ya ngazi nikitafakari, usinisaidie.

Aliyeuweka utaratibu huu wa pande pande kwenye misingi ya hesabu ni Mfaransa mwingine, Gaspard Monge. Karne ya 18 alikuwa kwenye shule ya wahandisi wa jeshi huko Mézières, akatafuta njia ya kupanga ngome kwa kuchora badala ya kupiga hesabu ndefu, na wakubwa wa jeshi wakaiona njia hiyo ni ya hatari kiasi cha kuifanya siri. Ilikuja kufundishwa hadharani miaka ya 1790, baada ya mapinduzi. Kwa maoni yangu walifanya haraka.

Nilipochoshwa na pande tatu nikamwomba Mwalimu tuhamie kwenye pespektivu, ule uchoraji wa vitu kama macho yanavyoviona, cha mbali kidogo, cha karibu kikubwa. Nilidhani huko ndiko raha iliko. Ni kweli raha iko huko, ila imezungushiwa uzio.

Kwanza unachora mstari wa upeo wa macho. Mstari huo haukai pale unapopenda wewe, unakaa usawa wa macho yako, umesimama au umekaa. Halafu mistari yote ya mlalo ambayo kwa kweli iko sambamba na inakwenda mbali nawe, kingo za barabara, ukingo wa chini wa paa, vizingiti vya madirisha, unaipeleka ikakutane kwenye nukta moja juu ya mstari huo. Mfano wa kila kitabu ni reli. Sasa Dar es Salaam tuna reli za aina tatu. Ile ya kati ya zamani, upana wake kati ya vyuma ni milimita 1000. Ya TAZARA ni 1067. Ya SGR ni 1435. Treni ya reli moja haiwezi kutembea kwenye reli nyingine hata uipake mafuta. Lakini kwenye karatasi yangu, zikielekea upande mmoja, zote tatu zinakwenda kukutana kwenye nukta ileile, bila mkandarasi, bila mkopo, kwa penseli ya HB.

Jambo hili lilivumbuliwa Florence, Italia. Mwanzoni mwa karne ya 15 Filippo Brunelleschi alichora jengo la ubatizo la mji huo kwenye kibao, akatoboa tundu katikati ya kibao, akawataka watu wachungulie kwa nyuma huku wameshika kioo kwa mbele, waone picha kupitia kiooni. Pale penye mbingu hakuchora kitu, aliweka fedha iliyosuguliwa ikang'aa, ili mawingu ya kweli yapite ndani ya picha. Mwaka 1435 mwenzake, Leon Battista Alberti, akaandika kitabu kueleza namna ya kufanya, na akashauri mchoraji atazame mandhari kupitia pazia jepesi lenye nyuzi za miraba, kisha ahamishe kila mraba kwenye karatasi yake.

Mwalimu aliposoma habari ya pazia hilo aliinua kichwa akatazama dirisha langu. Dirisha langu lina nondo. Nyumba gani mjini haina? Nondo za kwenda juu, nondo za kwenda pembeni, miraba tayari, zimechomelewa na fundi ambaye nia yake ilikuwa kumzuia mwizi wa televisheni. Basi nikaagizwa nikae kwenye kiti, nisitikise kichwa, nifumbe jicho moja, nichore mtaa mraba kwa mraba.

Jicho moja ni lazima, maana macho mawili yanaona vitu viwili. Lakini mzee akikaa dirishani asubuhi, hatikisiki, jicho moja limefumbwa, na anayepita mbele ya dirisha ni mama muuza vitumbua, mtaa hauna muda wa kusoma habari za Alberti. Kabla ya saa sita taarifa ilikuwa imemfikia mama watoto.

"Nasikia siku hizi unakonyeza watu."

"Nachora."

"Kwa jicho?"

Hebu nimtetee kidogo mama watoto, kwani hayuko peke yake katika historia. Paolo Uccello, mchoraji wa Florence aliyefariki mwaka 1475, anasimuliwa na Vasari kwamba alikesha na pespektivu. Mkewe akimwita aje kulala, yeye alimjibu kwa kuisifu hiyo pespektivu jinsi ilivyo tamu. Vasari hakueleza mke alijibu nini. Mimi najua alijibu nini. Nimejibiwa hivyohivyo.

Vita kubwa ndani ya nyumba yetu ilikuwa ya sufuria. Mdomo wa sufuria ni duara, hilo halina mjadala. Lakini ukiitazama sufuria iliyo jikoni ukiwa umesimama, huoni duara, unaona duaradufu. Ukiinama, duaradufu linabana. Ukiinama mpaka mdomo ukawa usawa wa macho, linakuwa mstari mnyoofu. Na kitako cha sufuria, kwa kuwa kiko chini zaidi ya macho, kinazidi kufunguka kuliko mdomo. Watoto wa shule huchora mdomo wa mviringo na kitako kilichonyooka kama kilichopigwa msasa, kwa sababu wanajua sufuria inakaa bila kuyumba. Wanachora wanachokijua. Mimi nilichora nilichokiona, mviringo mwembamba juu, mviringo mpana chini, kwa uangalifu wote. Mama watoto akaja akasimama nyuma yangu, akafuta mikono kwenye kanga.

"Mbona umeibonyeza sufuria yangu?"

"Haijabonyea. Ndivyo inavyoonekana."

Akaichukua sufuria jikoni, akaniletea, akanielekezea mdomo usoni. "Hii ni mviringo."

Kweli ilikuwa mviringo. Ukielekezewa usoni, ni mviringo kabisa. Mjadala ukafungwa na mwenye sufuria.

Kuna mateso mengine madogo ambayo hayahitaji mke. Chukua ukuta unaokwenda mbali, utafute katikati yake uweke dirisha. Mtu wa kawaida anachukua rula anapima, anagawa kwa mbili. Haramu. Katikati ya ukuta unaokwenda mbali haiko katikati ya mchoro, kwa sababu nusu ya mbali imebanwa zaidi. Unavuta mistari miwili kutoka kona hadi kona, na inapokatana ndipo katikati ilipo. Nguzo za umeme nazo hazipangwi kwa kukisia. Kila nguzo inayofuata inatafutwa kwa mstari unaopita katikati ya iliyotangulia. Ni mtego mzuri, unafanya kazi kila mara, na ukishaufahamu huwezi tena kuangalia nguzo za barabarani bila kuzikagua.

Na hilo ndilo daktari hakuniambia: macho yakishafundishwa hayastaafu. Nilikuwa msibani, nimekaa chini ya turubai, watu wamejiinamia, nami najikuta nafuata kingo za turubai, mabenchi na kamba, nione zinakwenda kukutana wapi. Zilikutana kwenye sikio la mwenyekiti wa serikali ya mtaa, aliyekaa mbele yangu. Nilimtazama sikio mpaka akageuka, akadhani nina neno kuhusu michango. Ikabidi nichangie tena.

Hata dalali haniwezi siku hizi. Zamani nikionyeshwa picha ya chumba cha kupanga kwenye simu niliona ukumbi. Sasa naona dalali mwenyewe: amejibana konani mwa chumba, mgongo ukutani, ameweka lenzi ile pana, kitanda cha karibu kimekuwa meli na ukuta wa mwisho umekimbilia Chalinze. Chumba ni mita tatu kwa tatu. Nimejaribu kumweleza kijana wangu anayetafuta chumba, akaniambia nina wivu na maendeleo.

Sikatai kwamba mtu anaweza kuchora bila haya yote akala vizuri. Edward Saidi Tingatinga alianza hapahapa Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rangi za baiskeli na vipande vya ubao wa dari. Chui wake hana nukta ya kukutania mistari, ndege wake hawajui upeo wa macho uko wapi, na picha za mtindo wake zimefika Ulaya na Japani. Mafundi wa majahazi wa Nungwi na Lamu wamekuwa wakiunda vyombo kwa macho na mkono, bila ramani mezani, na vyombo vinakwenda na kurudi. Jirani yangu hunikumbusha habari hizi kila anaponikuta na rula. Namjibu kwamba siku akijua kuunda jahazi kwa macho, aje nimpe heshima yake. Kwa sasa hata banda la mbwa analijua kwa kuuliza.

Sasa nifike kwenye lalamiko lenyewe. Kati ya michoro hii miwili, mmoja ni wa uongo na mmoja ni wa kweli, na dunia imeamua kumpenda mwongo. Ule wa pespektivu unasema reli zinakutana, ukuta wa mbali ni mfupi, sufuria imebonyea. Yote si kweli, na kila anayeuona anasema, "Aisee, kama picha!" Ule wa pande tatu unasema kweli tupu: ukipima kwa rula na kuzidisha kwa skeli unapata kitu chenyewe, milimita kwa milimita. Lakini hakuna jicho la binadamu lililowahi kuona kitu namna hiyo, kwa hiyo hakuna anayeupenda. Mchoro wangu wa mtaa, ule wa nondo, umetundikwa sebuleni ndani ya fremu. Mchoro wangu wa pande tatu wa kabati la vyombo, niliouhangaikia kwa bidii zaidi, niliukuta umefungiwa maandazi.

Niliuchora upya, nikaupeleka kwa fundi seremala. Kati ya friji na ukuta wetu wa jikoni kuna nafasi ya milimita 920. Nilitaka kabati la upana 900, kina 450, urefu 1800. Kina ndicho chenye roho ya mambo yote, kwani kikizidi hapo mlango wa friji haufunguki. Nilichora mbele, juu na ubavuni kwa skeli ya 1:10, rafu kwa mistari ya vipandevipande, bawaba mahali pake, vipimo vyote vimeandikwa.

Fundi aliipokea karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

"Mzee, kwa kabati tatu nitakufanyia bei ya jumla."

Nikamweleza kwamba ni kabati moja.

"Hili la chini mbona fupi hivi?"

Nikamweleza kwamba hilo ni kabati lilelile, limetazamwa kutoka juu.

"Nani atalitazama kutoka juu?"

Kisha akaniomba nimtumie picha kwa WhatsApp, kama wateja wengine. Nikakataa. Akauliza 900 ni nini. Nikasema milimita. Akauliza hiyo ni futi ngapi, kwa kuwa mbao anazinunua kwa futi, mbili kwa nne, mbili kwa sita, na futikamba yake upande wa sentimita umefutika kwa matumizi ya upande wa pili. Upana 900, akasema, ni futi tatu kasoro. Kina 450 ni futi moja na nusu kasoro. Urefu 1800 ni futi sita kasoro. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, ila kasoro ya kwanza ni milimita 14, ya pili ni 7 na ushei, ya tatu ni 29 hivi, na yeye zote anazipima kwa neno moja. Nikampa rula yangu. Tangu siku hiyo karakana nzima inaniita Mzee Milimita, na sioni kwa nini lisiwe jina la heshima.

Nilikuwa na sababu ya kushupaa. Yule jirani wa majahazi aliwahi kutengenezewa kabati kwa picha ya simu. Picha nzuri, kabati jeupe, vioo, taa ndani. Kabati likaja limefanana na picha mpaka kitasa. Ila picha ilipigwa kwa mbele, na picha ya mbele haisemi kina. Fundi wake akajikadiria kina, akakadiria kwa ukarimu. Kabati likagoma mlangoni. Wakalilaza, wakalisimamisha, wakalipitisha kwa pembe, wakang'oa fremu ya mlango, likagoma. Kisha ukaja ule ugomvi ambao kila mwenye nyumba mjini anaujua kwa moyo. Jirani ananyoosha simu: "Picha si hii?" Fundi anaonyesha kabati: "Na kabati si hili?" Wote wawili walikuwa na haki, ndiyo maana hawakupatana. Kabati liko barazani mpaka leo, kuku wanatagia rafu ya chini, taa ya ndani bado inawaka.

Ukikaa ukizifikiria kesi za mafundi mjini humu, ngazi inayogonga kichwa, choo ambacho mlango unagonga sinki, dari iliyoshuka mpaka kwenye feni, nyingi chanzo chake ni hicho. Mteja alileta picha. Picha ilimwonyesha upande mmoja, zile pande nyingine zikabaki kichwani mwa fundi, na kichwa cha fundi kina wateja wengine. Ile karatasi mbaya ya pande tatu haipendezi ukutani, lakini siku ya kugombana ndiyo inayojua nani alisema nini.

Kabati langu lilikuja. Likaingia mlangoni, likakaa kati ya friji na ukuta, pande zote mbili ikabaki nafasi ya kupitisha kisu. Mlango wa friji ukafunguka mpaka mwisho. Nilisimama pale jikoni nikisubiri neno.

"Fundi huyu ni hodari," akasema mama watoto.

Sasa naadhibiwa kwa kuwa sahihi. Habari zimeenea kwamba nachora, na mtaani kuchora ni kitu kimoja tu: ramani ya nyumba. Wanakuja na viwanja vyao Chanika na Kigamboni. "Mzee, nichoree vyumba vitatu, kimoja masta, na sebule. Si unachora tu?" Nawaambia kibali cha ujenzi hakitolewi kwa hisani ya mstaafu, kwamba kuna wabunifu majengo waliosomea miaka, wana bodi yao ya usajili, waende huko. Wananiangalia kama mchoyo. Mmoja aliniambia kalamu haipungui ukiiazima. Nilitaka kumwonyesha bei ya A3, lakini aliondoka kabla sijapata risiti.

Na fundi naye ameongoka, tena ameongoka vibaya. Baada ya kazi yangu kumtoka bila ugomvi, hapokei tena picha za simu kwa kazi kubwa. Anawaambia wateja, "Nenda kwa Mzee Milimita akuchoree, ndipo uje." Hanilipi. Hanipi hata vipande vya mbao. Juzi alimleta dada mmoja, mpole, anasalimia vizuri, shikamoo mzee, pole na kazi. Anataka kabati la nguo. Mwalimu alikuwepo, akakaa sawa kwenye kiti aone mwanafunzi wake anavyohudumia umma. Nikatandika karatasi, nikaibana kona zote, nikachonga penseli ya 2H niliyoagiziwa kutoka mjini, nikamuuliza swali la kwanza ambalo fundi yeyote mwenye akili anapaswa kuuliza:

"Mwanangu, kabati lako unataka liwe na kina gani?"

Akafungua pochi, akatoa simu. "Kama hili," akasema, akanigeuzia kioo nione picha.